Samaki Wako Amejimilikisha Sebule Yangu

Kwa Baba Mkwe, Mpima Ardhi Mstaafu,

Shikamoo Baba. Natumaini goti limepata nafuu na Mama hajambo. Sisi huku ni wazima, isipokuwa kidole changu cha shahada, nacho ndicho kilichonituma niandike.

Ulipotuletea tangi la kioo la maji ya chumvi, pamoja na yule samaki wa buluu asiyezidi kidole gumba, tulipokea kwa mikono miwili. Ukashauri atangulie yeye, akae peke yake mpaka azoee, ndipo wenzake wafuate. Mimi fundi cherehani, najua nini kuhusu samaki? Nikatii. Lakini wewe uliyepima mashamba maisha yako yote ulijua fika kwamba aliyetangulia kufyeka pori ndiye huja kudai hati. Kwa heshima zote, naleta malalamiko yafuatayo:

1. Wenzake watatu walipofika aliwapokea kwa meno. Tangi zima ni lake. Wale wapole wa watu wamebanana nyuma ya pampu, wakisubiri kauli ya mwenye mali.

2. Nikiingiza mkono kusafisha kioo, ananing'ata. Wateja wakiuliza habari za bendeji nasema nimechomwa na sindano. Bora nionekane sijui kushona kuliko kukiri nimepigwa na samaki.

3. Muuza samaki wa mapambo alinishauri nipangue mawe yote ya tangini ili mkorofi apoteze mipaka yake. Nikapangua. Akaduwaa kidogo, akazunguka, akapima upya, na safari hii akaongeza na pampu. Wale watatu sasa hawana pa kukaa hata kwa hisani.

4. Tangi halikumtosha, akaingia sebuleni. Ukipita mbele yake anakuja mbio mpaka kioo kinalia. Tumesogeza kochi, tumesogeza televisheni, na mimi siku hizi hupita nimeinama kama ninavyopita mbele yako, nikipiga hodi. Nyumbani kwangu, Baba!

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Jirani alimwaga matofali yake mlangoni pangu, nami kwa kuwa ni mtu wa amani, kila asubuhi nayakwea nikienda kazini. Binti yako huyatazama matofali, hulitazama tangi, kisha husema angalau nyumba hii ina dume mmoja anayejua kutetea chake. Tena husema kwa sauti. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini huu ni wewe uliyenichoma nao.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: uje na kamba na vigingi vyako utukatie mipaka rasmi, mimi na yeye, au uje na ndoo umchukue. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na fahali wa pili hapa ni mimi, ingawa binti yako anasita kuthibitisha.

Nisalimie Mama, mashemeji wote wakubwa kwa wadogo, na yeyote atakayeuliza habari zangu bila kucheka.

Ni mimi mkwe wako mtiifu,
Fundi.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, muuza samaki alifika na wavu, nami ndiye niliyemwita. Samaki wako hakukimbia. Alisimama mbele ya jiwe lake, mapezi wima, kidudu kile kikikabili wavu mpana kama sufuria. Sijui nilipatwa na nini. Nilimshika muuza samaki mkono, nikamtoa nje, nikamwambia yule yuko kwake. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika mlangoni, na hasira bado mbichi, nikapitiliza hadi kwa jirani. Matofali yameondoka. Binti yako anaimba jikoni, na furaha niliyonayo, Baba, hainitoshei kifuani.

Ndoo iache huko huko. Njoo tu ututembelee, ila ukifika, kile kiti cha karibu na tangi usikikalie. Ni changu.