Mbwa wa Mwenyekiti na Kitu Kirefu Kinachofanana na Kamba

Uliliona lile lori. Usiniambie ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu, maana viatu vya Mkuyuni nzima nashona mimi, na najua vyako havina kamba. Mji mzima huu hauna kamba. Ulisimama pale kando ya barabara, lori likapita na mama wa watu juu yake, ukageuza shingo ukaanza kulitazama ziwa kama mgeni aliyeshuka leo kwenye treni. Ziwa lile lile unalochota maji kila asubuhi. Siku ile lilipata watazamaji ambao halijawahi kupata tangu liumbwe.

Sasa nakusimulia polepole, kwa lugha ya ofisini, ili kesho usije ukasema hukuelewa.

Ilianza kwa gari la matangazo. Lilipita likitoa moshi na sauti: "Wananchi mnatangaziwa kwamba imeundwa Kamati Maalumu ya Kuchunguza Endapo Kutembeza Mbwa ni Njia Yenye Tija ya Kujiongezea Kipato. Wananchi mnaombwa kuwa watulivu." Wananchi tulikuwa watulivu kabisa. Tulikuwa kwenye foleni ya sukari, na mtu wa foleni hafanyi fujo, anaogopa kupoteza nafasi yake.

Chanzo cha kamati ni Getruda, mama Shimba, jirani yangu. Getruda ana kazi: anachagua pamba kiwandani. Ila kiwanda kimesimama, kinasubiri mkanda wa mashine, na mkanda unasubiri fedha za kigeni. Basi mama wa watu akatafuta cha pembeni. Kila asubuhi alipanda Capri Point, kilima cha wakubwa, akachukua mbwa kwenye nyumba ya mkubwa mmoja, akamtembeza mpaka kwenye mawe makubwa ufukweni, akamrudisha. Malipo yake kipande cha sabuni na mabaki ya jikoni. Mbwa aliitwa Watasema. Mwenye mbwa alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani, nao majirani hawakumwangusha.

Siku ya siku akakutana na Chenge, kijana wa mgambo, mwenye bunduki isiyo na risasi na mwongozo wa operesheni ya nguvu kazi aliokuwa ameukariri wote kichwani.

"Shikamoo mama," alisema Chenge.

"Marahaba mwanangu."

"Uko chini ya ulinzi."

"Haya. Kwa lipi?"

"Umetoka wapi?"

"Pale kwa mkubwa."

"Unakwenda wapi?"

"Pale kwa mkubwa."

Chenge akafumba macho, akasoma kutoka kichwani: "Mzururaji ni mtu yeyote anayeondoka mahali saa za kazi, akatembea, kisha akarudi mahali pale pale bila kuwa amezalisha kitu njiani." Kuhusu uzalishaji, Watasema alikuwa amezalisha kidogo tu, na Chenge alikuwa ameshakanyaga, lakini mwongozo haukuutambua uzalishaji wa aina ile.

"Kadi ya kazi ninayo," alisema Getruda.

"Ya kiwanda kilichosimama. Kiwanda kikisimama, na kadi imesimama, mama yangu."

Angekuwa anatembea peke yake, angepanda lori la kupeleka wazururaji mashambani saa ile ile. Lakini alikuwa ameshika mbwa wa mkubwa, na Chenge hakujua mwongozo unasemaje juu ya hilo. Jambo ambalo mgambo halijui linapanda ofisini. Likifika ofisini, linaitwa suala.

Mimi niliingizwa kwenye kamati kama mwakilishi wa umma. Sifa yangu ilikuwa benchi. Ofisi haikuwa na viti vya kutosha, na mimi ninalo benchi la kushonea viatu ambalo watu hukaa bila kubanana. Umma na benchi vikaingia mlango mmoja. Mtaalamu wetu alikuwa Ndugu Kaijage, aliyesomea nguvu kazi katika nchi yenye theluji. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Mutayoba, Meneja wa Shirika la Kamba la Kanda, shirika lenye ghala, magari, karani wa magari, na tangazo mlangoni lisemalo KAMBA HAKUNA. Ndugu Mutayoba pia ndiye mwenye mbwa. Hilo kamati iliona ni bahati njema, kwa kuwa mwenyekiti atakuwa analijua suala kwa undani.

Ndugu Kaijage alitufungulia. "Ndugu wajumbe, tuna njia tatu. Ikiwa kutembeza mbwa ni kazi, basi kuna mwajiri, na kiongozi anayemwajiri binadamu kwa starehe ya mnyama, miiko ya uongozi inamtazama vibaya. Ikiwa ni biashara, inahitaji leseni, na leseni ya namna hiyo haijabuniwa. Ikiwa si kazi wala si biashara, mama huyu ni mzururaji."

Nje lori lilikuwa linapasha injini moto, ili lisicheleweshe matokeo ya uchunguzi.

Getruda akaitwa. Aliingia na khanga yake ya siku zote, akaketi kwenye benchi langu bila kukaribishwa.

"Ndugu Getruda," alisema Kaijage, "ieleze kamati faida unayopata."

"Sabuni. Na mifupa."

"Mifupa ya nani?"

"Ya mbwa. Wananipa nimpe mbwa. Nampa nusu, nusu nampelekea Shimba na mdogo wake. Mbwa hajalalamika."

"Je, unaona shughuli hii ina tija?"

"Baba, wanangu wanaoga na wanakula mchuzi. Kiwandani nilikuwa nachagua pamba na hawakuwa wanaoga. Tija ndiyo ipi hapo, nikuchagulie?"

Ndugu Kaijage akaandika kwamba shahidi hana takwimu.

Ndipo ikaletwa ile kamba. Chenge aliiweka mezani: kamba ya mkonge, mpya, ya manjano, bado inanuka ghala. Ndiyo aliyofungwa Watasema. Unajua mwenyewe hali ilivyo: wavuvi wetu wanafunga mitumbwi kwa magome ya miti na khanga kuukuu za wake zao, na upepo ukivuma usiku, asubuhi mtumbwi unatafutwa upande wa Ukerewe. Na miezi hii wahujumu uchumi wanakamatwa kwa boksi la sabuni tu. Getruda akamtazama mwenyekiti.

"Mwambie, mzee. Si ndiyo uliyonipa mwenyewe mlangoni kwako?"

Ndugu Mutayoba akanyoosha kola ya suti yake ya mikono mifupi. Alizungumza kwa upole sana, kama anayesoma salamu za rambirambi.

"Ndugu wajumbe, mimi mama huyu simfahamu. Alikuwa anatembea tu. Mbwa wangu naye alikuwa anatembea. Wakakutana. Kuhusu kitu hicho, kamba nchini hakuna. Mimi ndiye ninayejua."

Kwa hiyo kumbukumbu za kikao zikasema kwamba kililetwa kitu kirefu kinachofanana na kamba. Kikarudishwa kwa mwenye mbwa, kwa hifadhi.

Uamuzi ukatoka, ukabandikwa. Kutembeza mbwa si kazi, si biashara, na hakuna mtu aliyewahi kupata kipato kwa njia hiyo. Aidha, mtu yeyote atakayeonekana akitembea saa za kazi, akiwa na mbwa au bila mbwa, ni mzururaji, bila kujali cheo. Hayo maneno ya cheo aliyaongeza mwenyekiti mwenyewe. Alisema yanapendeza masikioni.

Getruda akapandishwa. Walimpa jembe lisilo na mpini, kwa maelezo kwamba kule shambani Magu kuna miti ya kuchonga mpini. Watoto wakabaki kwa Tereza, mlango wa pili, ambaye ana watoto wake tayari. Lori likapita Mkuyuni mchana kweupe. Getruda akaita watu kwa majina, mmoja mmoja. Na wewe, ziwa likakupendeza.

Mimi sisahau. Naikumbuka operesheni ya kutuhamisha, naukumbuka mwaka wa kubomoa vibanda vya wauza dagaa, na namkumbuka aliyeshika kipaza sauti kila safari. Kipaza sauti hubadilishwa betri. Mshikaji habadilishwi.

Tatizo likabaki kwamba Watasema hakuhudhuria kikao. Yeye alijua asubuhi ni ya kutoka. Alipoona hatoki, alikula kochi la shirika, akala viatu vya mwenyekiti ambavyo nilikuwa nimevishona juzi, akaanza na mlango. Bernadetta, mke wa mwenyekiti, akamwambia mumewe mbele ya mpishi: "Baba Koku, mchague. Atoke mbwa au nitoke mimi."

Mwenyekiti akateremka Mkuyuni kutafuta mtu. Alianza na vijana waliokaa nje ya duka la ushirika.

"Nani anataka kazi ya kunitembezea mbwa?"

"Hiyo si kazi, mzee," akajibiwa. "Tumelisoma tangazo."

"Nitatoa sabuni."

"Hakuna aliyewahi kupata kipato kwa njia hiyo. Umetia sahihi."

"Mche mzima."

"Mzee, unataka tuvunje mwongozo? Sisi wazalendo."

Alikuja mpaka kwenye benchi langu. Nilimwambia umma una viatu vya kushona.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, saa za kazi, Ndugu Mutayoba alionekana mwenyewe akiteremka kutoka Capri Point, kile kitu kirefu mkononi na Watasema mbele, mbwa akimvuta bosi kwa furaha. Wakafika kwenye mawe. Wakageuka. Chenge alikuwa amekaa palepale pake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pisha."

"Umetoka wapi?"

"Chenge, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua. Ni yule uliyeandika bila kujali cheo. Unakwenda wapi?"

Mwenyekiti akatazama kilimani ilipo nyumba yake. Hakuna njia nyingine ya kujibu. "Nyumbani."

Wakati huo wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu walishasogea. Mmoja wao, Malimi, alikuwa ameshautafuta mtumbwi wake wiki nzima. Akashika ule mwisho wa kamba unaoning'inia, akaunusa.

"Huu mkonge mpya," alisema. "Mzee, hii kamba umeipata wapi? Maana mimi kwako nimekuja na barua ya kijiji, nikaambiwa hakuna."

Hapo nataka utulie uone alivyosimama mkubwa yule. Akisema mbwa ni wake na yuko kazini kumtembeza, kamba ni yake, na kamba ikiwa yake, ni ya ghala, na ya ghala ikiwa shingoni mwa mbwa, huo ni uhujumu, hakuna lori, kuna gereza. Aliachia ile kamba kama imeshika moto.

"Mbwa huyu simjui," alisema. "Mimi nilikuwa natembea tu. Yeye naye alikuwa anatembea. Tumekutana."

Chenge akatikisa kichwa kwa heshima. "Basi panda, mzee."

Akapanda mwenyewe. Hakusukumwa. Malimi akamvua Watasema ile kamba, akaenda nayo kufunga mtumbwi mpya, na mbwa akaenda zake Mkuyuni, akalala mlangoni kwa Getruda, mpaka leo yuko pale.

Kesho yake tuliitwa kikao cha dharura. Mwenyekiti hakuwepo, alikuwa analima. Bernadetta alisimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Ndugu Kaijage alikuwa na jasho la mtu asiyewahi kuona theluji. Alieleza kwamba utafiti mpya umebaini kuwa kutembeza mbwa ni kazi halali, yenye tija, inayoleta kipato cha ziada na kujenga taifa, kwa hiyo aliyekamatwa akiifanya amekamatwa kwa makosa na arudishwe mara moja.

"Tuandike 'kila aliyekamatwa'," nilisema. "Ndiyo lugha ya ofisini."

"Kila aliyekamatwa," alisema Kaijage, huku anaandika.

"Na bila kujali cheo. Mwenyekiti anayapenda hayo maneno."

"Haraka jamani," alisema Bernadetta.

Tangazo jipya likapigwa muhuri, likabandikwa ubaoni nje ya ofisi. Gari likaenda Magu, likarudi na mtu mmoja. Nilimuuliza dereva, na Getruda? Akasema hakuagizwa, ingawa gari lilikuwa na nafasi. Nilikwenda kwa mwenyekiti mwenyewe. Alisoma tangazo akiwa amesimama, akalirudia mara ya pili taratibu, na nilimwona alipofika kwenye neno "kila". Ikiwa ni kazi, Getruda alikuwa na mwajiri, na mwajiri alitoa kamba. Akasema suala la mama huyo liko kwenye mchakato. Jioni ile Chenge akahamishiwa kulinda daraja ambalo halijajengwa.

Sasa sikiliza. Tangazo bado liko ubaoni. Lilibandikwa kwa uji wa muhogo, nao ukikauka hautoki kwa kucha. Mwenyekiti ameamuru likwanguliwe, lakini kisu cha kukwangulia kinatolewa kwa kibali, kibali kinataka sahihi yake, na mkono wake wa sahihi una malengelenge ya jembe la Magu. Siku malengelenge yakipona, tangazo halipo, na Getruda atakuwa hajawahi kukamatwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo acha hiyo foleni. Nenda ubaoni, ulisome kwa sauti, neno "kila" ulirudie mpaka wa ndani wasikie. Kisha njoo kwenye benchi langu. Shimba na mdogo wake wameshavaa viatu, nimewashonea. Watasema anakuja pia. Tunakwenda Magu kumchukua mama yao na tutarudi hapa hapa tulipoanzia, saa za kazi, na mgambo akituuliza tumezalisha nini njiani, tutamwonyesha Getruda.

Inuka sasa hivi. Ziwa utalikuta ukirudi.