Kusuka Bure, Kufumua Bure

Jumatano, 2 Julai

Likizo inaisha na sijafanya kitu! Siku ya kufunga shule, Madam Suzana, mlezi wa klabu yetu ya wasichana, alituagiza kila mmoja aongoze kazi ya kuisaidia jamii, itokane na kitu anachokipenda. Atakayefanya vizuri kuliko wote atakwenda Dodoma kuwaeleza wasichana wa mikoa mingine. Kwa ndege! Mimi, Justa wa Buswelu, ndege nazijua matumbo tu, zikipita juu ya bati letu. Nataka kuziona ndani. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Urvi ameshaanza. Ni Mhindi, tuko naye kidato cha tatu. Anapenda kushona, basi kaleta cherehani ya bibi yake kwa bajaji kutoka mjini, kakaa barazani kwa jirani yetu Mama Mayala, anarekebisha sare za watoto bure. Vifungo! Pindo! Nani alishapandishwa ndege kwa sababu ya vifungo?

Mimi napenda nywele. Kichwa changu mwenyewe ni kipara, sheria ya shule, lakini vidole vinajua. Nitawasuka watoto wa mtaa bure. Mama mdogo Evelina, mwenye saluni, ameniruhusu nikae kibarazani kwake. Ila nisiguse kioo chake wala wateja wake.

Alhamisi, 3 Julai

Hakuna aliyekuja. Yaani kaja Rose wa nyumba ya nyuma, naye alikuwa anaomba maji ya kunywa. Nimemsuka hivyo hivyo. Kwa Urvi foleni imefika barabarani, na watu wanacheka huko kama kwenye sherehe. Roho imeniuma.

Halafu nikapata akili. Ndalahwa, yule muuza dawa ya panya, anazunguka na baiskeli yenye spika inayojisemea yenyewe kutwa nzima. Nimemwomba aniingizie tangazo langu. Kakubali, kwa sharti nimsuke binti yake. Nikajirekodi kwa sauti ya mtangazaji: kusuka bure kwa Justa. Nikasikiliza. Limepooza. Nikaongeza: na kufumua bure! Hapo likakaa sawa.

Ijumaa, 4 Julai

Ndalahwa hakuacha hata nukta kati ya bidhaa zake na mimi. "Panya, mende, kunguni, chawa, kusuka bure, kufumua bure kwa Justa!" Mama mmoja kaniuliza kama dawa naipaka kabla ya kusuka au baada.

Lakini wamekuja! Wanataka mabinti wapendeze sikukuu ya Sabasaba, na rasta wamebeba wenyewe. Wengi waliomba twende kilioni, mistari michache tu inayopanda utosini, mtoto anasukwa na kuondoka. Nimekataa. Twende kilioni haimfikishi mtu Dodoma. Nasuka rasta nyembamba kuliko tambi, kichwa kizima, mpaka kisogoni. Binti wa Ndalahwa alilia mpaka akapitiwa na usingizi, na hapo ndipo nilipofanya kazi nzuri zaidi.

Jioni Urvi kaja na chupa ya chai. Kaniuliza kwa upole kama nakumbuka shule zinafunguliwa Jumanne na watoto hawaruhusiwi kuingia darasani wamesukwa. Nikamwambia wivu haumpendezi. Kanimiminia chai. Nimeinywa yote.

Jumamosi, 5 Julai

Nimesuka tangu alfajiri. Vidole vimevimba, sikuweza kumega ugali, Mama kanilisha kama mtoto mchanga huku akiuliza nani kaniroga. Spika ya Ndalahwa imeshafika Usagara! Nilimwambia azunguke Buswelu tu. Anasema baiskeli ilikuwa inateremka.

Wateja wa Mama mdogo wameona foleni ya watoto wanaolia, wakageuza. Kaninunia. Nimemweleza kwamba nikirudi kutoka Dodoma nitaitaja saluni yake popote nitakapohojiwa. Kaendelea kununa.

Nimempiga kila mtoto picha. Picha nzuri mno! Usiku huu nitalala nimekaa, nizoee kiti cha ndege.

Jumapili, 6 Julai

Balaa.

Kanisani nilikuwa naangalia vichwa vyangu. Safu nzima ya mbele ni kazi yangu! Sikusikia hata neno la mahubiri. Kisha yakaja matangazo. Katekista akasema shule zote zinafunguliwa keshokutwa, wazazi wahakikishe watoto wanakwenda wakiwa nadhifu, nywele fupi, bila misuko.

Kina mama wote wakageuka. Taratibu. Wakaniangalia mimi.

Nje ya mlango Mama Chenge, ambaye ana mabinti wanne na nimewasuka wote, kanishika mkono kwa upendo mkubwa. "Mwanangu, si ulisema na kufumua?" Kasema kesho ataniletea mapema. Nyuma yake mwingine kasema hivyo hivyo. Na mwingine. Nikasema hamna shida.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Wenzangu wanasherehekea. Mimi nimejificha bafuni. Mama mdogo kanitoa.

Kusuka kichwa kimoja ni kazi. Kukifumua, kama aliyesuka ni mjinga aliyetaka sifa, ni adhabu. Unachokonoa kila kirasta kwa mkia wa kitana, mtoto anapiga kelele, unahamia kinachofuata, na vinavyofuata havina mwisho. Kibaraza kilijaa. Wamekuja mpaka wa Usagara! Wale siwajui, sijawasuka mimi, lakini wamesikia kufumua bure.

Nikajaribu mkasi. Nikakata rasta za binti wa pili wa Mama Chenge karibu na kichwa ili twende haraka. Nikakata na nywele zake. Upande mmoja sasa anafanana na mimi. Mama Chenge alikaa chini akishika shavu. Ni afadhali angepiga kelele. Nikaanza kulia, machozi yananidondokea kwenye kitana.

Urvi akafunga cherehani yake, akaja, akakaa kwenye ndoo, akamvuta mtoto wa kwanza. Vidole vya kushona! Vinafumua kama mchezo.

Saa kumi akatokea Madam Suzana, anapita kukagua kazi zetu. Shikamoo, Madam. Marahaba. Akasimama. Akaona watoto, akaona vidole vyangu, akaona macho yangu mekundu. Akasema amezunguka mtaa mzima akiona wasichana wanafanya mambo ya kupigwa picha, lakini hawa wawili wamekaa siku ya sikukuu kuwaandaa watoto wa watu waende shule. Akauliza hili wazo ni la nani.

Urvi akanionyesha kwa kidole. "La Justa, Madam."

Nilitakiwa kunyamaza. Kunyamaza tu! Dodoma ilikuwa mkononi.

Lakini akawa anafumuliwa binti wa Ndalahwa, ile kazi yangu bora, na Madam anaitazama bila kujua aliyeisuka ni nani. Sikuvumilia. Nikasema Madam, hizi zote nimesuka mimi. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha zote.

Madam akaangalia picha. Akaangalia watoto. Akamwangalia binti wa Mama Chenge. Akauliza kwa hiyo natoa nilichoweka mwenyewe. Nikasema ndiyo, bure!

Akanirudishia simu.

Jumanne, 8 Julai

Paredi. Anakwenda Urvi. Watu wamepiga makofi, na mimi nimepiga, vidole vikiniuma. Ndege ni Jumamosi alfajiri.

Binti wa Mama Chenge kaenda shule amenyolewa kipara. Nasikia wenzake wamemcheka. Mimi nimerudi nyumbani nikajifunika kanga na kulia, sitaki uji, sitaki kuonwa. Nilikuwa nimeshaipata na nimeitupa kwa mdomo wangu mwenyewe. Sina kingine ninachokiweza duniani, na hicho hicho ndicho kimeniangusha.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefikiri siku tatu nikagundua kosa liko wapi. Watoto! Vichwa vidogo, nywele fupi, makelele. Msusi wa kiwango changu anahitaji nywele za maana.

Urvi ana nywele mpaka kiunoni. Kwa ajili ya dini yao mkuu wa shule kamruhusu kuwa nazo, mradi azifunge. Leo baada ya vipindi nimemwambia hawezi kusimama mbele ya wasichana wa mikoa yote na msuko mmoja wa mkia. Kasita. Nikatokwa na machozi kidogo, mengine ya kweli. Kakubali. Ana roho nzuri mno.

Rasta nyembamba, kichwa kizima. Kule wataona, watamuuliza nani kamsuka, atasema Justa, na watanitumia tiketi. Hesabu imenyooka!

Naandika haraka hapa kwetu wakati Urvi anakula. Jua linazama. Upande wa kushoto, robo tatu tayari. Mama yake amekuja kumfuata kwa bajaji mara mbili, mara ya pili alikuwa analia, anasema sanduku halijafungwa na alfajiri wanatakiwa uwanjani.

Nimempa kiti. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, muda tunao.