Natafuta Msichana Mbaya wa Sura

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Vita vimetangazwa. Nimevitangaza mwenyewe, moyoni, nimesimama kwenye kibaraza cha kanisa hapa Mbuba. Adui bado hajui.

Adui ni Philbert, katekista. Nilimkuta akiwafundisha watoto hadithi. Kuna msichana ana shingo ya pingili, ana mwanya, ngozi inang'aa kwa samli, na hasemi neno. Kazi yake kukaa. Mwana wa mfalme anapita, anaiona shingo, anaoa. Dada wa kambo ni msemaji, anakula nyama ya mbuzi kama wanaume, anaota ndevu, anafia porini. Watoto wakacheka. Nikatikisa kichwa kwa hasira mpaka miwani ikaanguka.

Nimesoma ngano za dunia nzima, zile za maktaba ya wilaya na zile ambazo maktaba bado inanidai. Mwanamke ni yule yule. Kwao wanapima nywele, kwetu tunapima shingo. Mfalme hapimwi popote. Awe na kitambi, awe na meno meusi ya moshi wa kiko, ni mfalme tu.

Jioni akaja Niragira, msichana mkimbizi kutoka Burundi. Shikamoo mama mwalimu, marahaba. Shirika linalotunza watoto kambini linatafuta mwanamke wa kuwasimulia hadithi wale waliopoteza wazazi. Wadogo zake wawili wamo katika hema la watoto hao. Walipoteana njiani, amewapata, lakini wenye karatasi hawajakubali kwamba ni wake, hivyo anawaona Jumapili tu. Akipata kazi hii atashinda nao kila siku. Mpinzani wake ni Priscila, mpwa wa Philbert. Jumapili kila mmoja ataonyesha hadithi uwanja wa parokia, na ile ambayo watoto watataka irudiwe ndiyo itakayompa mwenyewe kazi. Aliniomba nimtafutie waigizaji.

Nikamwambia nitamsaidia kuliko alivyoomba. Akanitazama kwa mashaka. Sijui kwa nini.

Jumanne, 8 Agosti

Hadithi mpya tayari kabla ya uji. Msichana wangu ni mbaya wa sura. Anasema mpaka mito inanyamaza imsikilize. Anakula mbuzi hadharani, anaua jitu lililomeza watoto, kisha anamkataa mwana wa mfalme kwa hotuba ya kurasa saba. Kazi safi!

Imebaki kumpata mchezaji. Niragira atasimulia, lakini hawezi kuwa huyo msichana. Kwa bahati mbaya ni mzuri mno.

Nikaenda kwa Christina, mke wa Bulugu, Wasukuma waliohamia hapa na ng'ombe wao. Nikamwambia binti yake Suzana ana sura hasa ninayoitafuta. Akafurahi. Akanipa kigoda, akabandika maji ya ugali. Nikamweleza sura hiyo ni ya nini. Maji yakaipuliwa.

Akaniuliza kama nimetembea jua lote hili kuja kumwambia amezaa kinyago. Nikamfafanulia kwamba ubaya wa sura haupo, ni kitu kilichobuniwa na wanaume.

"Kama haupo, Mwalimu," akasema, "mbona umezipita nyumba zote za njiani ukaja kwangu?"

Swali zuri. Nimeahidi kulifikiria. Nilirudi na njaa.

Jumatano, 9 Agosti

Habari zimenitangulia. Wilaya hii haina simu, ina Christina.

Kila kijiji nilichoingia, akina mama walikuwa wamewatoa mabinti barabarani, wamewaogesha, wamewapaka samli mpaka kwenye visigino. Ilikuwa kama kupita katikati ya harusi. Mmoja alimgeuza binti yake taratibu, mbele na nyuma, akaniuliza kama nimeona kasoro. Sokoni samli imekwisha. Naambiwa hata mabibi wamejipaka, kwa tahadhari.

Tangu nifike Mbuba sijapata kuona wanawake wanang'aa namna hii. Na ni kazi yangu! Philbert kanipungia mkono kwa mbali, kwa furaha.

Alhamisi, 10 Agosti

Mbinu mpya. Nimempaka Niragira masizi na majivu. Matokeo ni aibu. Majivu yameyakoleza macho, masizi yamezidisha shingo. Vijana wawili wakasimamisha baiskeli. Nikaongeza tope. Wakawa watano.

Niragira akanawa, akasema Jumapili haiko mbali na hana muda wa kuchezewa uso. Akasema wadogo zake wamemuuliza kama kweli atakuja kukaa nao, naye amejibu ndiyo, kwa hiyo mimi nisimfanye mwongo. Halafu akatoa wazo.

"Cheza wewe, Mwalimu. Maneno unayajua."

Nikashukuru. Nikasema ni kweli nayajua.

"Na majivu hayatahitajika," akamalizia.

Nikayamwaga majivu nikaondoka bila hotuba. Watu wa Mbuba watakuambia hilo halijawahi kutokea.

Nyumbani nikamuuliza mume wangu, Frednand, kama mimi ni mbaya wa sura. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akaniuliza naulizia kwa ajili ya nani. Nikasema kwa ajili ya ukweli. Akachonga kidogo. Akasema, "Mama Thobias, mimi nilioa mwalimu." Sentensi hiyo nimeichambua mpaka sasa. Haina mlango.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimekubali kucheza. Kwa ajili ya mapambano, si kwa ajili ya sura.

Nimekwenda kununua paja la mbuzi. Huku kwetu mwanamke hali mbuzi. Akila ataota ndevu na kuwa mkaidi, ndivyo tulivyokuzwa. Minani mwenye bucha akasema baba aje mwenyewe achukue. Nikamwambia baba ni mimi. Akacheka, akawaita wenzake waje wacheke pia. Nikahutubia. Walipochoka, wakanipa paja ili niondoke.

Ushindi wa kwanza wa wiki!

Jumamosi, 12 Agosti

Mazoezi yamekwenda vizuri. Hotuba nimeisema yote, Niragira alisinzia mara moja tu. Akashauri ukurasa mmoja unatosha. Nikamweleza mfumo dume hauangushwi kwa ukurasa mmoja. Akasema yeye hataki kuangusha mfumo, anataka kazi. Vijana wa siku hizi.

Nimejitazama kwenye kioo cha Frednand cha kunyolea. Kidevuni nina nywele mbili. Zipo miaka mingi, hazihusiani na mbuzi yeyote. Nimezing'oa ili maadui wasizitumie vibaya. Shingoni nimepaka samli kidogo, ngozi imekauka kwa vumbi la malori ya chakula cha wakimbizi. Nimegundua nina pingili mbili. Sikuzitafuta. Nimevaa kitenge cha shingo wazi kwa sababu ya joto.

Jumapili, 13 Agosti

Niandike upesi kabla Philbert hajaeneza yake.

Lori la shirika likaleta watoto, pamoja na mwanamama wa shirika mwenye kalamu ya kuandika matokeo. Wadogo zake Niragira walikaa mbele kabisa, wameshikana mikono. Priscila akaanza. Akaketi. Niseme haki, wilaya nzima ya Ngara hakuna anayeketi kama Priscila. Philbert akasimulia, mwana wa mfalme akapita, akaoa. Watoto walikuwa wanacheza na kokoto.

Zamu yetu. Niragira akasimulia kwa Kirundi, si kwa Kiswahili changu. Wenyeji wa hapa, Wahangaza, wote wakaelewa, ndugu wa lugha moja. Mfumo dume haukutajwa hata mara moja. Nikaingia na hotuba. Ukurasa wa pili watoto wakaanza kukohoa. Nikaamua kurukia mbuzi, lile paja nililolichoma alfajiri.

Hapa naandika kisichotoka nje ya daftari hili. Nina miaka arobaini na tisa na sijawahi kula mbuzi. Nimeitetea nyama hiyo kwenye mikutano yote ya wilaya, lakini kinywani, hapana. Nikang'ata. Nikamuona marehemu mama. Akanikazia macho. Nikageuka kidogo, nikatemea kwenye kitenge.

"Kaitema!" mtoto mmoja akapiga kelele.

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Philbert alishika nguzo ya goli. Mwanamama wa shirika akafunga kalamu yake. Niragira akawatazama wadogo zake. Hawakuwa wanacheka.

Akainua mkono.

"Tulieni. Huyu siye msichana. Huyu ni mama wa mfalme, alikuwa anaonja kama kuna sumu. Msichana ndiye huyu."

Akaninyang'anya paja. Akang'ata, akatafuna, akameza, mbele ya wanawake wote wa Mbuba waliokuwa wameziba midomo. Akapapasa kidevu. Akasema ndevu zinaota. Zikaota kweli, mikono yake ilizionyesha, mpaka kifuani, mpaka magotini. Akaenda kwa jitu lisiloonekana, akalipanua mdomo, akaziteremsha ndevu tumboni kama kamba, akawaita watoto waliomezwa kwa majina. Akayataja majina ya watoto waliokuwa mbele yake. Kila aliyetajwa akasimama, akashika ndevu zisizokuwepo, akapanda. Wadogo zake walikuwa wa kwanza. Alivuta mpaka jasho likamtoka.

Kisha wasichana wakadai nyama. Paja likabaki mfupa. Wakadai hadithi tena. Na tena. Mwanamama wa shirika akafungua kalamu.

Mimi nilikuwa pembeni, mama wa mfalme, kazi yangu kukaa.

Jumatatu, 14 Agosti

Niragira ameanza kazi. Nimekwenda kambini kumsahihisha.

Wasichana wote wamejifunga majani makavu ya mgomba kidevuni na wanagombana nani ana ndevu ndefu zaidi. Nikamweleza Niragira hatari yake. Uzuri haujaondoka, umehama tu kutoka shingoni kwenda kidevuni! Nikampendekezea ukurasa wangu wa tatu, uingie pale watoto wanapopanda. Mdogo wake mmoja alikuwa mgongoni, mwingine amelala magotini na ndevu zake.

"Mwalimu," akasema, "bado wanapanda. Usiwasimamishe."

Nikaondoka. Njiani nikaona kosa lilipokuwa. Si langu. Tumehangaika na wasichana bure, wa kushughulikiwa ni mwana wa mfalme! Krismasi nitaweka mwanamume akae kimya uwanjani, amepakwa samli, na wanawake wapite wakimkagua. Lazima awe mzuri wa sura na mwepesi wa kichwa. Nimeshampata: Paschal, anayeuza vyungu Nyamigogo. Kesho napanda lori nikamwone mama yake. Nitamwambia wazi, mwanao amejaliwa sura, akili hatutazihitaji.

Mama gani atakataa?