Kalunde Hana Kazi

Jumatatu, 20 Oktoba 2003
Nimerudi kutoka semina ya Machakos mjini. Sasa najua! Kila kazi ni mfumo, na sehemu isiyozalisha hukatwa. Mwethya wetu, kikundi cha kazi za pamoja hapa Mwala, unajenga ukuta wa kuzuia mchanga na maji mtoni. Mwenyekiti ni mimi. Mvua ikitangulia, mto utabomoa yote, na mke wangu Kaluki atachota maji mbali mwaka mwingine mzima. Ameapa kwamba safari hii punda nitakuwa mimi.

Jumanne, 21 Oktoba
Nimekagua mfumo. Aibu tupu! Watu wako kwa mstari wanapitishiana mawe, na mama Kalunde ameketi kivulini anaimba. Habebi hata kokoto! Muthokoi ukiiva, wa kwanza kula ni yeye. Nimemfuta. Mbithi, makamu wangu, akasema niwachane na mama wa watu. Wivu! Hakualikwa semina.

Jumatano, 22 Oktoba
Hakuna kelele. Safi kabisa. Lakini huyu anarusha jiwe mwenzake hajageuka, yule anajikuna tu. Onesmus ameangukiwa na jiwe kwenye kidole cha mguu, akanilaumu mimi. Kwani nilishika jiwe mimi? Nikaamuru wahesabu kwa sauti. Kila mtu akahesabu yake. Watu wagumu hawa!

Alhamisi, 23 Oktoba
Mtoni hakuna mtu! Wote wako kwa shamba la Mbithi wanachimba matuta, Kalunde anawaimbia. Wasaliti! Nimebeba mawe peke yangu hadi mgongo ukakataa. Mawingu yametanda. Nyumbani nimekuta Kaluki ameweka mtungi na kamba kando ya viatu vyangu.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimempelekea Kalunde sukari. Akapokea, akaniambia mwenyekiti sasa ni Mbithi, mimi nisimame katikati ya mstari. Bila kura! Kisha wote wakarudi mtoni, akaanza kuimba. Mikono yangu ikageuka yenyewe, jiwe likaja, jiwe likaenda. Tulimaliza jioni, matone ya kwanza yakituangukia.

Jumapili, 26 Oktoba
Ukuta umesimama, maji yamejaa. Kaluki amecheka. Na kanisani wakamshukuru nani? Mbithi! Mfumo ni wangu, wao walichelewa tu kuuelewa. Siwasaidii tena ng'o. Wanaonihitaji ni kwaya. Nimeichunguza ibada nzima. Mwalimu wao, Laban, haimbi hata neno moja! Anatugeuzia mgongo, anapunga mikono tu. Kesho asubuhi namwona pasta. Huyo akatwe.