Mwaka Wetu wa Kwanza wa Udaktari

Jumatatu, 8 Septemba

Naandika kwenye kurasa zilizobaki za daftari la kemia la mjukuu wangu Dunja. Kemia tulishafaulu, daftari halina kazi tena. Madaktari huandika kila kitu, na mimi mwaka mzima nimekaa hapa mjini nyumba moja na mwanafunzi wa udaktari, nikimpikia na kumfulia koti jeupe. Basi naandika.

Hali ya mgonjwa: mbaya. Mitihani yote ya mwaka wa kwanza tumepita isipokuwa anatomia. Juni tulianguka. Jumatatu ijayo ndiyo nafasi ya mwisho. Tukianguka tena tunarudia mwaka, na nafasi ya kusomeshwa na serikali anapewa mwingine. Na kuna jambo Dunja halijui. Huko kijijini kwetu, Gornji Jasen, nilishatangaza tangu Julai kwamba tumefaulu. Tena kwa kumi, alama ya juu kabisa! Mwanakondoo alishachinjwa. Alishaliwa. Mwanakondoo harudishwi.

Leo nimemkuta mjukuu wangu anasoma, dirisha wazi mbele yake, mlango wazi nyuma yake, promaja, ule upepo wa kupenya kati ya dirisha na mlango, inampiga shingoni moja kwa moja! Nikafunga. Akafungua. Nikafunga. Akasema, Bibi, nimesoma mwaka mzima, na promaja haimo kitabuni hata mstari mmoja, upepo wa dirishani haujamuua mtu. Nikamwambia basi hicho kitabu hakijaisha kuandikwa. Marehemu mjomba wake Srećko alikaa kwenye promaja harusini Jumapili, Alhamisi tukamzika. Akasema mjomba Srećko aligongwa na trekta. Ndiyo, lakini kwa nini hakugeuka kulitazama? Shingo ilikuwa imekakamaa!

Akaziba masikio kwa vidole, akarudi kitabuni. Mwaka mzima wa udaktari, na dawa yake ni vidole.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekutana ngazini na Milunka, wa mlango unaotazamana na wetu. Mjukuu wake Ognjen anasomea meno. Meno tu! Mdomo unafunguka, kila kitu unakiona. Hata mimi ningefaulu. Akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza, vipi anatomia, jirani? Nikausikia mdomo wangu ukisema tulishafaulu zamani. Sasa nimedanganya kijijini na mjini.

Akasema ajabu, maana Ognjen ameliona jina la Dunja ubaoni, kwa mtihani wa Jumatatu. Nikasema anakwenda kuongeza alama. Akauliza alipata ngapi. Kumi, nikasema. Akauliza anaongeza kwenda wapi. Nikamwambia sufuria yangu inaungua.

Kabla sijafunga mlango akanipa ushauri ambao sikumwomba. Ati profesa wa anatomia, ambaye wanafunzi wanamwita Shoka, hapokei zawadi. Ati mwaka jana alimfukuza baba wa mtu na kikapu chake mpaka barabarani. Thubutu! Milunka anataka njia hiyo aipite peke yake. Hanidanganyi mimi.

Nimeshusha kutoka stoo paja la nguruwe la kukaushwa kwa moshi. Lilikuwa la Krismasi. Krismasi itakula samaki.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda chuoni, mfuko mkononi. Paja, kisu, mkate, chupa ya rakija, pombe kali ya plamu aliyoipika mwanangu. Dunja nimemwambia nakwenda kanisani. Bawabu akauliza namtafuta nani. Nikasema tuko mwaka wa kwanza. Akanitazama, akautazama mfuko, akasema hongera, bibi. Ofisi ya Shoka ilikuwa imefungwa.

Nikatoka nje kusubiri. Hapo nikamkuta mwanamke mmoja, mdogo wa umbo, mvi kichwa kizima, koti la kazi la bluu, kitita cha funguo kiunoni, anavuta sigara. Na ameketi juu ya jiwe tupu! Ngazi za mawe, asubuhi, Septemba! Nikamkemea palepale. Inuka, mwanangu, hujipendi? Figo zako unamwachia nani? Akasema, bibi, jua linawaka. Nikamwambia jua liko kichwani, figo ziko chini. Nikamshika kwapani, nikamwinua, nikamwekea takia langu la sufu. Sitoki nyumbani bila takia. Akaketi. Akakiri kwamba ni laini.

Mfagiaji, bila shaka. Watu kama hao ndio wa kuongea nao, si hawa wa juu. Nikamkatia kipande cha paja, akala. Nikamkatia cha pili. Rakija akaikataa, ati yuko kazini, kisha akaonja kidogo kwa ajili ya tumbo. Akauliza nimekuja kumwona nani. Nikamweleza yote. Shoka, Juni, mwanakondoo. Kwamba mjukuu wangu anakijua kitabu chote akiwa jikoni, lakini mbele ya Shoka ulimi unamkauka. Kwamba ameanza kuikana promaja. Kwamba kuhusu figo tunagombana tangu Oktoba. Yule mama alicheka mpaka moshi ukampalia. Akauliza huyo mjukuu anaitwa nani. Nikampa jina lake, la baba yake na la ukoo, nikarudia asije akasahau. Labda atasikia chochote akiwa anafagia.

Akanishauri paja nisilipandishe juu, Shoka angelitupa dirishani na mimi nyuma yake. Takia akaomba aliazime. Nikampa. Mtu mwenye adabu zake.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemsimulia Dunja, mezani, tukinywa supu. Kijiko kikasimama hewani. Akauliza huyo mfagiaji alikuwa na miwani ya fremu nyekundu, imening'inia kifuani kwa uzi? Ndiyo, nikasema, kumbe unamfahamu? Akateleza kutoka kitini mpaka chini. Kwenye vigae vitupu! Nikamwambia inuka, vigae ni baridi!

Akasema, Bibi, huyo ndiye Shoka.

Jamani! Profesa gani anatembea na funguo?

Za chumba cha maiti, akasema.

Amelia. Amesema nimemmaliza. Amesema Jumatatu haendi, hawezi kusimama mbele ya mtu anayejua habari za mwanakondoo. (Na yeye mwenyewe leo ndiyo mara ya kwanza kuzisikia. Hilo nalo lilizua ugomvi wake.) Amejifungia. Nilimpikia pilipili hoho za kujaza nyama na mchele, nikaziweka mlangoni kwake, nikaziondoa, nikazipasha, nikaziweka tena. Hakugusa.

Mwaka huu wa masomo nilimwona hivi mara moja tu. Siku ile ya Oktoba walipopelekwa kwa maiti mara ya kwanza. Alirudi ananuka ile dawa ya kuhifadhia, akasimama katikati ya jikoni. Nilichemsha maji, nikamwosha nywele, nikazisuuza, nikamwosha tena, kama alipokuwa mdogo. Kesho yake aliamka akaenda tena. Sijamwambia mpaka leo, lakini mimi nisingekwenda.

Na sasa haendi kwa sababu ya kipande cha nyama ya nguruwe! Haya, vipande viwili.

Jumapili, 14 Septemba

Jana nilinyamaza kutwa nzima. Ilikuwa adhabu. Dunja akaja kuniuliza kama naumwa.

Leo nimebadilisha mbinu. Nimevaa gauni la kanisani, nikasimama mlangoni kwake, nikamwambia sawa, usiende, nitakwenda mimi. Mwaka mzima nimekusikia ukikariri, kinachonipungukia ni koti tu. Akauliza kwa sauti ya kuchoka nitajibu nini huko. Nikasema figo. Figo ziko huku chini, mtu anapokalia, ndiyo maana jiwe linazipata upesi.

Sijawahi kuona mtu akifufuka namna ile. Alikuja jikoni mbio na kalamu, akachora juu ya kitambaa changu cha meza! Cha kudarizi! Ati figo ziko juu, mgongoni, mbavu za mwisho zimezifunika. Ati ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ini limeikalia. Nikasema, si unaona, zinakaliwa! Akapiga meza. Ati zimezungushiwa mafuta kama mtoto kwenye blanketi, na baridi ya jiwe haifiki huko hata ukikalia barafu mpaka Pasaka. Nikamwuliza mafuta hayo wewe umeyatoa wapi, na hujala tangu juzi. Tukagombana kuhusu mkojo unapita wapi. Tukagombana kuhusu mishipa. Pilipili zote amezila, kwa hasira, bila kujua anakula.

Mwishowe akasema kesho atakwenda. Ili tu nisiende mimi.

Jumatatu, 15 Septemba

Asubuhi nikamwaga maji nyuma yake alipotoka, kama inavyopasa, mambo yapate kutiririka. Watu humwaga kikombe. Mimi ndoo, mtihani wenyewe ni mkubwa. Ila Dunja alikuwa ameshafika chini, na Milunka alikuwa anapanda, akayapokea kwenye nywele zake mpya za saluni. Amenitukania ukoo wangu wote mpaka babu wa babu. Sikuwa na nafasi ya kumjibu, nilikuwa nachelewa mtihani.

Bawabu amenipisha bila kuuliza. Nimefika kwenye ujia, nini naona? Madirisha wazi upande huu, wazi na upande ule, wanafunzi wamesimama katikati ya promaja kama nguo kwenye kamba! Nimefunga yote. Kijana mmoja akalalamika, bibi, tunakufa na joto. Nikamwambia kwa joto hufi, unatoka jasho tu. Watakuja kunishukuru. Kisha nikaweka sikio kwenye mlango wa Shoka.

Nikasikia Dunja akiambiwa achomoe kikaratasi cha maswali ya kujibu kwa mdomo. La kwanza, mfupa fulani wa fuvu. Sauti haikutoka. Nikasubiri. Haikutoka. Nikaiuma leso yangu. Mwaka wote ule, nywele zile, supu zile, na mtoto amekuwa bubu!

Ndipo nikamsikia Shoka akisema, haya, kiweke chini hicho kikaratasi. Kuna bibi mmoja aliniinua ngazini juzi kama gunia. Niambie, binti, figo zangu ziko wapi, na ziko kwenye hatari gani?

Basi! Ile sauti ya jana ikatoka! Mbavu, ini, mafuta, mishipa inayoingia na inayotoka, majina ya Kilatini yanamwagika kama mahindi guniani. Alisahau aliko. Nikamsikia anapiga meza ya profesa! Na akamalizia, bibi yangu, Profesa, anadhani figo ni mayai na mtu ni kuku!

Hilo sikulivumilia. Nikafungua mlango kueleza kwamba kuku sikumtaja kabisa. Dirisha la ndani lilikuwa wazi, karatasi zikaruka. Na Shoka, profesa wa anatomia, akaiinua kola ya koti lake mpaka masikioni, akapiga kelele: "Bibi, funga mlango, promaja!"

Naapa kwa Mtakatifu Nikola, ndivyo alivyosema.

Nikafunga. Polepole. Kwa raha zangu.

Baada ya hapo akamrudisha kwenye fuvu, akampeleka kwenye misuli ya mkono, na Dunja akamjibu vyote kwa sauti ileile ya kunigombeza mimi. Tumepata saba. Tumepita! Shoka amesema ingekuwa nane kama mtu fulani asingeingia. Sijui alimsema nani, watu walikuwa wengi pale.

Tukitoka tumemkuta ngazini na sigara yake. Amekalia nini? Takia langu. Nikamwangalia tu. Akasema, bibi, ni kwa sababu ya ulaini. Ndiyo, mwanangu, nikasema. Ndiyo hivyo hivyo.

Dunja alinikumbatia katikati ya barabara, akalia kidogo, akacheka, akaniuliza kwa nini gauni langu lina maji. Nikamwambia ni ya Milunka.

Jumapili, 21 Septemba

Gornji Jasen. Mwanangu amechinja mwanakondoo mwingine, watu wamejaa uani. Dunja akasimama, na kwa kuwa hajui kufunga mdomo, akasema ukweli: saba, Jumatatu iliyopita. Wote wakanigeukia mimi, pamoja na wale waliokula Julai. Nikawaambia bila kupepesa: zile zilikuwa kumi za Julai, hizi ni saba za Septemba, jumlisheni wenyewe. Kumi na saba! Hakuna aliyepata kosa kwenye hesabu.

Kisha mtu akamwuliza amejifunza nini mwaka mzima. Nilidhani atataja mifupa. Akafikiri, akasema amejifunza kwamba hujui kitu vizuri mpaka umweleze mtu ambaye hatakubali kamwe. Wakacheka, wakanitazama tena. Sikuelewa anamsema nani. Mimi nilikuwa nainuka kufunga lango, maana upepo ulikuwa unapita uani kutoka mtoni, na mjukuu wangu amekaa katikati yake na kola wazi. Nani alimfundisha figo? Shoka? Mimi! Jikoni kwangu, na kitambaa changu cha kudarizi nimekitoa mhanga.

Oktoba tunaanza mwaka wa pili. Tuna fiziolojia. Sijui ni kitu gani na haidhuru, tutaisoma. Nimeshaulizia habari za profesa wake. Ni mwanamume mwembamba, na wanasema Januari yote anatembea na shati peke yake, kifua wazi, ndani hana hata fulana. Daktari mzima!

Nimeanza kumfumia ya sufu. Kifua nimekikisia tu. Mikono nitaimalizia nikimwona, nitakuwa pale ngazini chuoni.