Mashimo ya Mwezini na Frigo ya Madeleine

Jumatatu, 29 Septemba
Nina darubini! Jirani yangu Ruphin ameitoa Mokambo, mpakani, nami nimembadilishia kwa frigo ya mke wangu. Madeleine aliporudi sokoni akauliza atapoza wapi maji anayouza. Nikamwambia aache mambo ya maji, afikirie anga. Amekwenda kwa baba yake, mtaa wa Katuba. Anasema atarudi siku frigo itakaporudi. Hana subira, mwanamke huyu.

Jumanne, 30 Septemba
Jua limezama, nimeilenga darubini mwezini. Mungu wangu! Mashimo! Makubwa kwa madogo, kama yale ya mgodi wetu hapa Ruashi. Sisi watu wa Katanga tunajua: hakuna anayechimba bure. Kuna madini huko, na wajanja wamekwishaanza. Nimeunda koperative ya wachimbaji. Rais ni mimi. Makamu bado, na Ruphin asiombe.

Alhamisi, 2 Oktoba
Foleni mpaka nje! Kila anayechungulia anaapa ameona kobalti. Lakini joto la Oktoba limewakausha koo, na Ruphin anawauzia maji baridi juu ya ukuta. Kutoka frigo ile ile! Hana haya.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimemwalika baba mkwe, mzee Kalaba, aliyechimba shaba miaka thelathini. Akiyakubali mashimo yangu, Madeleine atarudi hata bila frigo. Namtaka arudi, niseme ukweli. Bukari ninayosonga haiivi, na nyumba imenyamaza.

Mzee akachungulia muda mrefu. Wanachama wakasongamana nyuma yake. Kisha akasema mbele ya wote: "Mukwe, hii mashimo iko bila barabara. Mabwe banapitisha wapi?" Akaongeza kwamba, mbali na njia ya kupitishia mawe, hata rundo la udongo uliochimbwa haoni. Wakacheka mpaka wakaenda kwa Ruphin kunywa maji.

Mzee naye akaenda huko, wakapatana bei, na frigo ikatoka juu ya mkokoteni wa pousse-pousse. Nikapiga makofi! Ikapita mlango wangu, ikashika njia ya Katuba.

Jumatatu, 6 Oktoba
Sikulala. Hakuna barabara mwezini... Hakuna barabara! Basi atakayeitengeneza kwanza atayasimamisha malori yote na kutoza péage, ushuru wa njia! Miaka thelathini mgodini, mzee hakuliona hilo. Maskini.

Nimemwandikia Madeleine kwamba tumetajirika. Hajajibu, bila shaka anafunga mizigo. Ruphin amechukua kitanda chetu, mimi nimepata chuma cha kufungia barabara, kimepakwa nyekundu na nyeupe. Nimekisimika mlangoni kwa majaribio. Madeleine akija, atapita bure.