Kupita Juu ya Bati la Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetimiza miezi miwili na leseni ya urubani wa helikopta mfukoni bila kugusa helikopta. Barua ya tatu imerudi. Kampuni ya kunyunyizia mashamba dawa inanishukuru kwa moyo wangu, ila inataka mtu mwenye saa elfu moja angani. Mimi ninazo mia moja hamsini na tano, pamoja na ile tuliyokaa chini tukisubiri mvua ikatike.

Saa elfu moja nitazipataje kama hakuna anayenipa ya kwanza? Nimemuuliza Mama. Amesema nimletee ndoo, anafunga vyombo. Jumamosi ya tarehe 15 anahamia kwa dada mkubwa, nyumba inarudi kwa mwenyewe. Nyumba hii iko ukingoni mwa uwanja mdogo wa ndege. Marehemu baba alikuwa mjaza mafuta pale miaka ishirini na miwili. Enzi hizo, kila jioni, tulikuwa tunasimama wote watatu uani, kando ya tangi la maji, helikopta ikipita juu ya bati letu, na baba akimtambua rubani kwa jinsi alivyoinua mashine tu. Huyu ana haraka. Huyu kagombana na mkewe. Mimi nikaapa kwamba siku moja nitapita mimi, na wao wawili wanipungie mkono.

Baba hakusubiri. Mama amebakiza siku kumi na mbili chini ya bati hili. Lazima nipate kazi kabla.

Jumanne, 4 Machi

Niandike ukweli, shajara hii haisomwi na mtu. Nilipotaka kusomea urubani kulikuwa na vyuo viwili. Kimoja hiki hapa uwanjani, cha Mwalimu, mzee mwenye helikopta moja ya viti viwili iliyochujuka rangi. Kingine kiko mbali, safari ya siku nzima. Helikopta nne, zote zinameta, na kila mwanafunzi anapewa jaketi la ngozi. Baba, enzi za uhai wake, aliniambia niulize swali moja tu: wakihitimu wanaajiriwa wapi. Mimi niliuliza kama jaketi lina saizi yangu.

Kwa Mwalimu alikwenda Soksi, jirani yetu, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Tunamwita Soksi kwa sababu hupiga soksi pasi. Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Kumbe Mwalimu huwafundisha watu, kisha huwaajiri haohao wawe wakufunzi wake, na saa zao zinajaa wakiwafundisha wengine. Soksi sasa ana saa mia saba na anapita juu ya bati letu kila asubuhi. Jaketi langu limeanza kubanduka kwenye kola.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango: kufika kwa Mwalimu kana kwamba napita njia. Nikavaa jaketi. Joto la kufa mtu. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia kampuni tatu zinaniandikia barua. Si uongo, zinaniandikia. Akauliza kama nimewahi kuosha helikopta. Nikamjibu kwamba chuoni kwetu kulikuwa na watu wa kuosha. Soksi akainamia kitabu chake asionekane anacheka.

Utaratibu wa mzee ni huu. Mgeni huosha mashine wiki sita kwa ndoo na kitambaa, skrubu moja moja. Anasema anayeosha kwa mkono ndiye anayeuona ufa ukiwa bado mwembamba kama unywele. Baada ya hapo ndipo anaruka. Nikapiga hesabu, wiki sita zinapita tarehe 15. Basi nikamweleza habari za Mama na bati. Sikutia chumvi hata punje. Mzee akasema baba yangu alimjazia mafuta miaka kumi na hakumwaga tone. Nianze kesho. Nikiosha vizuri wiki nzima, Ijumaa ya tarehe 14 atanipakia kiti cha pili, tupite juu ya nyumba, mikono yangu ikiwa kwenye usukani.

Nimetokwa na machozi njiani. Vumbi nalo lilikuwepo.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya tatu ya kuosha. Mgongo umekwisha. Helikopta ni ndogo ukiiona angani, lakini ukiwa na kitambaa mkononi ni ndefu kuliko shule ya msingi. Soksi ananielekeza kwa upole unaoniudhi. Kaniambia kule juu, kwenye kitovu cha mapanga yanayozunguka, nisipeleke maji, nifute tu kwa kitambaa kikavu. Nikamjibu kwamba na mimi nina leseni. Akasema anajua, aliiona siku nilipoibandika mlangoni kwetu.

Nimerudi nyumbani nanuka mafuta ya ndege. Mama alikuwa anakunja mashuka, akaacha. Akasema baba yako alikuwa anaingia hivihivi saa kumi na moja jioni, nami namfukuza asikalie kochi. Kisha akaniambia nikae kwenye kochi na jasho langu. Akakaa kando yangu. Tulikaa hivyo, masanduku yametuzunguka. Ninammisi mzee wangu kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Jumatano, 12 Machi

Akili imerudi. Mwosha magari wa njia panda ana mashine ya maji ya kasi, ile inayong'oa tope likiwa bado linafikiria. Nimeiazima kwa ahadi ya kumpiga picha ndani ya helikopta. Mwalimu na Soksi wamekwenda kufuata vipuri. Kazi ya siku mbili nimeimaliza kwa robo saa. Nikapanda ngazi, nikakipiga na kile kitovu cha mapanga, maana kilikuwa kimejaa grisi nyeusi ya kutia aibu. Sasa kinang'aa kama sahani ya wageni.

Mwosha magari kapigwa picha kumi na moja, moja ananyoosha kidole gumba. Nami nikajilaza kivulini nikiwaza jinsi Mwalimu atakavyotoa macho.

Alhamisi, 13 Machi

Ametoa macho.

Ile grisi ilikuwa mahali pake. Inakaa ndani ya beringi zinazoshika mapanga, na bila hiyo chuma kinakula chuma. Maji yameifukuza grisi, yenyewe yakabaki mle ndani. Fundi wa mashine, mama mmoja asiyejua kucheka, alipanda ngazi, akatazama, akauliza aliyefanya hivi amesomea wapi. Nikataja chuo. Akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa. Lazima afungue kitovu chote, akaushe, apake upya. Siku tatu. Ijumaa hakuna kuruka. Wanafunzi wote wamerudishwa makwao.

Nilifikiria kuisingizia mvua, ila haijanyesha tangu mwezi uliopita. Nikapiga moyo konde nikasema ni mimi. Mwalimu hakugomba. Alisema tu kwamba Soksi alipangiwa kupaa nayo asubuhi hii na mwanafunzi mpya, na kama fundi asingepita kwanza... Heri angenitukana. Nilimtazama Soksi, amesimama pale na soksi zake zilizonyooka. Nikamwomba msamaha. Akasema haya, shika upande ule wa ngazi.

Jumamosi, 15 Machi

Mama amehama leo. Niliahidi kwenda kubeba masanduku, sikwenda. Aibu. Nilikuwa karakanani tangu asubuhi, napaka grisi kwa kidole huku fundi amenisimamia. Saa nne lori la mizigo likasimama langoni, kochi letu likiwa juu kabisa. Mama akashuka.

Nikamwambia, nisamehe Mama, hakuna kupita juu ya bati. Nikamweleza yote: jinsi tulivyokuwa tunasimama pale uani, kiapo changu, tarehe 14, mashine ya maji. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, mwanangu, mimi sijawahi kuitazama hiyo helikopta. Hata rangi yake siijui. Nilikuwa nawatazama ninyi wawili, baba yako na wewe, mmeinua nyuso, midomo wazi, sura moja. Ndiyo maana nilikuwa natoka nje, na ugali naunguza jikoni.

Akanishika mikono yote miwili na grisi yake. Akarudi kwenye lori bila kujifuta.

Nimelia mbele ya fundi. Fundi aligeukia ukutani, akasema beringi ya tatu bado.

Jumapili, 16 Machi

Mwalimu katoa hukumu. Si wiki sita tena, ni miezi sita ya ndoo na kitambaa, kisha atanifundisha urubani upya kama mtu asiye na leseni, halafu ukufunzi. Soksi ndiye aliyeniombea. Nimekubali. Kwa hiyo nina kazi, na nimeandika hivyo kwa wino.

Mchana nilikwenda kwa dada mkubwa kumsalimia Mama. Kochi limepata pembe nzuri karibu na dirisha. Maneno yake ya jana hayanitoki, yamenigusa sana. Miaka yote ile tumesimama naye uani, na hakuwahi kuitazama helikopta hata mara moja. Nimetafuta chanzo na nimekipata. Marubani wa zamani walikuwa wanapita juu mno. Basi wakati shemeji amelala nikapima ua wao kwa hatua: ishirini na tano kwa kumi na nane. Tukitoa kamba ya nguo, na banda la kuku likisogea kidogo, helikopta inatua kabisa mbele ya dirisha lake. Sijamwambia mtu. Safari hii atatazama.